Kuku Wanne wa Bi Mboza

Kitambuzi kilielea juu ya ua wa Bi Mboza, kidogo kama bakuli la mboga, kikizunguka taratibu. Kila baada ya sekunde kumi kilimulika kichwa cha kuku mmoja, kikasoma mikunjo ya kilemba chake chekundu, kikapima joto la mwili, kisha kikatangaza kwa sauti ya upole isiyochoka: "Namba moja, mzima. Namba tatu, mzima. Namba nne, mzima." Akili mnemba iliyomo ndani yake iliwajua kuku laki mbili wa Dodoma, mmoja mmoja. Tangu yale maradhi makubwa ya ndege ya mwaka 2081, hakuna aliyeruhusiwa kufuga uani bila chombo hicho.

"Kinanichosha," alisema Bi Mboza. "Kutwa kucha kinanihesabia kuku wangu, utadhani mimi sina macho."

Binti yake, Mhandisi Nyemo Chidawali, alishusha pumzi. Ndiye aliyekibuni. Alikuwa amekuja kula chakula cha mchana kama kila Jumamosi, na hata kabla ugali haujaiva walikwisha kugombana mara tatu.

"Mama, hawa kuku wanafanana kama matofali. Hata wewe huwezi kuwatofautisha."

"Mimi? Haya, tazama. Huyo aliyekukanyaga mlangoni ni Kimbelembele. Hakuna jambo asilotangulia. Yule ni Mzushi. Mwenzake akitaga, yeye ndiye anayewatangazia majirani, na lake mwenyewe hulitaga kimyakimya. Yule wa pembeni ni Msusi. Leo nimemtupia mtama baada ya wenzake, basi amesusa, hatanitazama mpaka jioni."

Nyemo aligeuka. Kuku wa tatu alikuwa amesimama akiutazama ukuta, mkia kwa watu, na punje za mtama ziko palepale miguuni pake. Nyemo alitaka kucheka, na jambo hilo likamuudhi zaidi.

"Na wa nne?"

"Mwali. Yuko ndani, ana shughuli zake."

Kitambuzi kikashuka hadi kwenye mlango wa banda. "Namba mbili, mgonjwa," kilisema, kwa upole uleule. "Kilemba kimefifia. Hajala ipasavyo kwa siku nne. Joto la kifua limezidi. Kichukuzi kitafika baada ya dakika ishirini. Asante kwa ushirikiano."

Wote wawili walijua maana yake. Kuku mmoja akiugua, ua mzima husafishwa, na wote wanne wangekwenda kuchomwa. Nyemo ndiye aliyeiandika kanuni hiyo.

"Pole, mama," alisema. "Nitakuletea wengine."

"Sitaki wengine! Mwali si mgonjwa. Anataka kuatamia."

"Anataka kufanya nini?"

Bi Mboza alimkodolea macho binti yake, mwenye shahada tatu. Lakini Nyemo angejulia wapi? Alikwenda shule ya bweni tangu darasa la kwanza. Majogoo walipigwa marufuku mjini kwa ajili ya kelele kabla hajazaliwa. Vifaranga hutoka kwenye mashine za jiji, na mayai ya uani hukusanywa kila asubuhi kwa amri. Kati ya wahandisi thelathini waliokifundisha kitambuzi, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona kuku akilalia mayai.

"Njoo huku," alisema mama yake, akamvuta mkono hadi bandani.

Mwali alikuwa amejitandaza kwenye boksi, amelalia viazi viwili na kifuniko cha chupa. Bi Mboza alipopeleka mkono, kuku alijivimbisha mara mbili ya ukubwa wake na kunguruma.

"Weka na wewe mkono. Weka, mhandisi."

Nyemo aliuweka. Akadonolewa hadi damu ikatoka.

"Mgonjwa anadonoa hivyo?" Bi Mboza alimwinua kuku. Kifua kilikuwa kitupu, ngozi imebaki bila unyoya. "Kajinyonyoa mwenyewe, ili mayai yapate joto la mwili. Kilemba hufifia, chakula hugusa mara moja kwa siku. Wote huwa hivyo, tangu dunia iumbwe."

Nyemo aliigusa ngozi ile ya moto. Hiyo ndiyo homa ambayo kitambuzi kilikuwa kikiiona.

Alifungua kibao chake cha kielektroniki upesi. Orodha ya hali za kuku ilikuwa na maneno matano: anakula, amelala, anataga, mgonjwa, amekufa. Nje, kichukuzi kilikuwa kimekwisha kufika langoni kwa miguu yake sita, mfuniko wazi. Kati ya sababu za kukizuia, moja tu ilifaa, ile ya mwisho kabisa, iliyowekwa kwa kuwa sheria ilitaka iwepo: kosa la mbunifu.

"Bonyeza basi! Unangoja nini?"

"Nikibonyeza, mama, vichukuzi vyote vya Dodoma vitasimama. Kila mtu atajua nilikosea. Kazi yangu itakwisha."

Bi Mboza alimrudisha Mwali kwenye viazi vyake. "Tangu baba yako afariki," alisema, "hawa ndio wanaojua kama nimeamka au sijaamka. Wewe unakuja Jumamosi, na saa tisa umeondoka."

Nyemo akabonyeza.

Kichukuzi kilifunga mfuniko na kutulia. Kisha, kama kanuni ilivyotaka, kibao kilimfungulia malalamiko yote ya kuku waliochukuliwa kwa kilemba kufifia. Yalikuwa elfu sita na ushei, kwenye sanduku alilolipa jina yeye mwenyewe: Malalamiko ya Hisia. Hakuwahi kulifungua. Kutoka Makole, Kizota, Nkuhungu, watu waliandika jambo lilelile: kuku wangu hakuwa mgonjwa, alitaka kuatamia.

Moja lilitoka kwenye ua huu, miaka miwili iliyopita.

"Kwa Mhandisi Mkuu. Nimekueleza Jumamosi mbili, ukasema una haraka, kwa hiyo nakuandikia ofisini. Kuku wangu Somo hakuwa mgonjwa. Mmemchukua pamoja na wenzake wote. Naomba mjifunze. Ni mimi, Mboza Chidawali, mama yako."

Chini yake palikuwa na jibu la mashine: "Mpendwa mfugaji, tumepokea hisia zako."

Nyemo alikaa chini, palepale kwenye mavi ya kuku. Ilikuwa imepita saa tisa.

"Mama. Huyo Somo alikuwaje?"

"Leo ndiyo unauliza?" Bi Mboza alifoka. Alimfukuza Kimbelembele kwenye kigoda, akakikalia.

"Alikuwa halali popote," alisema, "ila juu ya viatu vyako vya zamani vya shule."