Kahawa Iliyoitwa Ukwaju

Kila siku baada ya sala ya alasiri, Bi Mwanabibi alitoa meza fupi barazani, akaitandika kitambaa cha maua, na kazi ikaanza. Mtaani kwao, katika mji wa kale wa Malindi, kila mtu alijua kwamba anayetaka kinywaji cha kumtuliza roho aende kwake. Msaidizi wake alikuwa Shekha, binti wa kaka yake. Shekha alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la nane. Baba yake, Mzee Msellem, alimleta kutoka Mambrui ili akae kwa shangazi yake, karibu na shule.

Chombo kilichompa Bi Mwanabibi sifa aliachiwa na bibi mmoja wa Kizungu aliyewahi kupanga chumba cha juu. Lilikuwa birika la kioo lenye kifuniko, na katikati ya kifuniko ilipita fimbo ya chuma iliyoshika chujio la waya. Unatia kahawa au majani, unamimina maji, unangoja, kisha unaisukuma fimbo. Machicha yanakandamizwa chini na kinywaji kinabaki juu, safi. Badi, mtoto wa pekee wa Bi Mwanabibi, mwenye miaka sita, alipoiona fimbo ikishuka mara ya kwanza alipiga kelele, "Kama pampu ya baiskeli!" Tangu siku hiyo likaitwa birika la pampu.

"Usilisukume kwa pupa," Bi Mwanabibi alimfundisha Shekha. "Maji ya moto yatakurukia usoni. Isikilize pumzi yake."

Na kweli birika lile lilikuwa na pumzi. Fimbo iliposhuka, hewa ilitoka pembeni kwa sauti ndefu, hhhhh, kama ya mtu mzima anayeketi baada ya kutembea sana.

Shekha alijifunza upesi. Kahawa alitaka itwangwe chengachenga, isiwe unga, kisha aitie iliki. Wenye mafua aliwatengenezea tangawizi na asali, na wasiotaka kahawa, mchaichai. Maziwa ya moto aliyapandishia na kuyashushia fimbo mpaka yakafura povu. Siku za joto alichuja ukwaju na kuutia barafu. Kisha kulikuwa na kahawa baridi, aliyoifundisha yule mpangaji: unailoweka kwa maji baridi ndani ya friji usiku kucha, asubuhi unaisukuma. Haikuwa chungu hata kidogo. Iliteleza kooni kama sherbeti.

"Hii ni ya watu wazima, tena kikombe kidogo," Bi Mwanabibi alisema. "Usidanganywe na upole wake. Ina nguvu kuliko ya moto."

Mwaka huo, 1986, mtihani wa darasa la nane ulikuwa bado mgeni, na kila nyumba yenye mtahiniwa iliuogopa. Mwalimu Lewa aliposoma matokeo ya majaribio, Shekha alisikia jina la Randu, mwanafunzi mwenzake, likitajwa kwanza, kisha majina mengine mengi kabla ya lake. Mzee Msellem alikuwa amekwisha sema: asipopata shule ya upili ya bweni, atarudi Mambrui.

Basi Shekha akaanza kuulaumu usingizi. Aliona unamwibia saa za kusoma. Akaloweka kahawa yake mwenyewe, nyingi kuliko ile ya wateja, akaiweka ndani ya jagi nyuma ya vyombo vingine kwenye friji. Alikunywa gilasi nzima kabla ya shule, nyingine baada ya shule, na nyingine watu wa nyumbani walipokwenda kulala.

Siku moja Bi Mwanabibi alilivuta lile jagi. "Nini hii?"

"Ukwaju, Shangazi," Shekha alijibu bila kumtazama.

Rangi ilikuwa ile ile, ya hudhurungi iliyokolea. Bi Mwanabibi alilirudisha jagi mahali pake, wala hakuuliza tena.

Jambo la kwanza lilitokea mchana kweupe. Shekha alikuwa amerudi nyumbani kula. Ilikuwa saa ile ambayo jua limesimama utosini, vichochoro havina mtu wala kivuli, milango yote imeshindikwa na hata kunguru wamenyamaza. Alipovuka kizingiti alisikia pumzi kutoka jikoni.

Hhhhh.

"Shangazi?" aliita.

Hakuna aliyejibu. Aliingia jikoni akitarajia kumkuta mtu anasukuma kahawa. Hapakuwa na mtu. Birika lilikuwa rafuni, kavu, limefunikwa kitambaa.

Siku chache baadaye, katika ukimya ule ule wa mchana, aliitwa kwa jina. "Shekha!" Ilikuwa sauti ya shangazi yake, na ilitoka juu. Alipanda ngazi za mawe haraka. Chumba cha mpangaji kilikuwa na kufuli, na kufuli lenyewe limeota vumbi. Alisimama pale, mkono ukutani, akasikia moyo wake ukigonga masikioni. Kisha mlango wa mbele ukalia chini, na Bi Mwanabibi akaingia na kikapu cha samaki.

"Shangazi, si umeniita sasa hivi?"

"Nikuite saa ngapi, mwanangu? Mimi ndiyo kwanza natoka sokoni." Akamtazama vizuri. "Mbona macho yako mekundu hivyo?"

"Vumbi la chaki," Shekha alisema.

Shuleni mambo hayakuwa mazuri zaidi. Herufi kitabuni zilijongea kama sisimizi. Mara moja alisimama katikati ya kipindi akajibu swali kwa sauti, darasa zima likamgeukia, na Mwalimu Lewa akasema kwa upole, "Shekha, hakuna aliyekuuliza kitu."

Kisha akamwona yule mwanamke.

Alikuwa ameketi katikati ya ngazi, amempa mgongo, amejifunika shuka jeupe mpaka kichwani. Nyumba ilikuwa kimya. Mwanga wa jua uliingia kwa dirisha dogo ukaliangukia lile shuka, na Shekha aliona mikunjo yake moja moja. Halafu kichwa kikaanza kugeuka, polepole sana. Shekha alifumba macho. Alipoyafumbua, ngazi zilikuwa tupu, na Badi alikuwa amesimama pembeni yake akimshika nguo.

"Dada, unazungumza na nani?"

"Sizungumzi na mtu."

"Umesema, 'Usigeuke, mama, usigeuke.'" Badi alizitazama ngazi, kisha akamtazama yeye. "Nani asigeuke?"

Shekha alimshika mkono, akamtoa pale. Tangu siku hiyo aliogopa kulala, kwa sababu aliona kwamba akifumba macho tu, yule mwanamke angemaliza kugeuka. Na ili asilale, alizidisha kahawa.

Alasiri ya siku moja, Bi Mwanabibi na Shekha walikuwa barazani wakihudumia wateja. Badi alirudi kutoka mchezoni na kiu kali. Alijua kuna ukwaju wa Dada kwenye friji. Alilivuta jagi, akatia sukari kwa mkono wake mwenyewe, akanywa mpaka likabaki tupu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Shekha alipoingia ndani kuchukua gilasi. Alimkuta Badi amejikunyata chini ya ngazi, amejitapikia, anatetemeka mwili mzima. Kifua kilimpiga hata kanzu ikawa inatikisika.

"Shangazi! Njoo!"

Bi Mwanabibi alimwinua mwanawe. Macho ya Badi yalikuwa yamekodoka, yameelekea juu ya ngazi.

"Yule mama wa Dada ananitazama," alinong'ona.

Bi Nana, jirani wa nyumba ya pili, alikuwa ameshafika mlangoni. Aliposikia maneno hayo alijishika kifua. "Subhanallah! Mwanabibi, nimekwambia siku zote, chumba hakiachwi kitupu hivyo. Nyumba imepata mwenyewe, pepo. Kwanza amemwanza Shekha, hamkuona anavyokonda? Sasa amehamia kwa mtoto. Lete chetezo tumtie ubani, na mganga aitwe sasa hivi!"

Bi Mwanabibi alibabaika. Moshi wa ubani ukaanza kupanda, na ndani ya moshi Badi alizidi kutetemeka. Shekha alisimama ameegemea ukuta. Jagi tupu lilikuwa sakafuni karibu na mguu wake, na ni yeye peke yake aliyejua maana yake. Wote walikuwa wamekwisha kumpata wa kulaumiwa. Angenyamaza, hakuna ambaye angemshuku. Sehemu ya moyo wake ilitamani kwamba kweli awe ni pepo.

Badi akatapika tena, safari hii maji matupu.

"Si pepo!" Shekha alilia. "Shangazi, amekunywa kahawa. Ule haukuwa ukwaju. Nilikudanganya. Ni kahawa baridi, kali, nimekuwa nikiinywa mimi nisilale. Ameimaliza yote. Tumpeleke zahanati, tafadhali, Shangazi!"

Bi Mwanabibi alikisukuma kando chetezo. Alimtupa Badi begani, akatoka mbio, Shekha nyuma yake, nao wakakata vichochoro mpaka zahanati.

Daktari Dena alimpima Badi mapigo ya moyo, uso wake ukiwa hauna mzaha. "Amekula nini? Amekunywa nini?"

Shekha alieleza yote: kahawa kiasi gani, imelowekwa muda gani, jagi lilijaa vipi. Daktari alisikiliza, akamtundikia Badi maji, akaketi karibu yake.

"Umetusaidia kusema," alisema. "Bila hivyo ningeanza kutafuta malaria au sumu, na wakati ungepotea. Mwili wa mtoto mdogo hauwezi kahawa ya namna hiyo." Kisha akamgeukia Shekha. "Na wewe, lini ulilala usiku mzima?"

Shekha alijaribu kukumbuka, akashindwa.

"Unaona vitu?"

"Naona mwanamke," alisema kwa sauti ya chini. "Na nasikia naitwa."

Daktari hakumcheka. "Ubongo usiopewa usingizi huuchukua kwa nguvu. Unaanza kuota ilhali macho yako wazi, na ndoto hiyo unaiona iko mbele yako. Badi naye amekusikia ukiizungumzia, na alipougua akaitafuta pale pale. Acha kahawa. Lala."

Giza lilipoingia, moyo wa Badi ulikuwa umetulia, naye akaomba mkate. Bi Mwanabibi alilia kwa mara ya kwanza, akijifuta kwa ncha ya buibui.

Kwa siku nyingi Shekha alilala sana kama mtu aliyekuwa mgonjwa. Mwanzoni kichwa kilimwuma sana, kisha kikapoa. Alianza kusoma alfajiri, akili ikiwa imepumzika, na Mwalimu Lewa akaona hesabu zake zinanyooka. Mchana nyumba ilikuwa nyumba tu.

Ijumaa moja Mzee Msellem alikuja kuwatazama. Shekha alimsikia barazani akisalimiana na dada yake, naye akabaki ndani.

"Shangazi," alinong'ona jikoni, "umemwambia baba?"

"Sikumwambia. Utamwambia wewe."

"Ataniona mjinga."

Bi Mwanabibi alimkalisha kwenye kibao, naye akachutama mbele yake. "Nisikilize, mwanangu. Kutaka kufaulu si kosa, na kahawa nimeiuza miaka, haijamdhuru mtu anayejua anachokunywa. Lakini mwili una haki yake. Uliunyima usingizi, nao ukakutisha. Hilo lingekudhuru wewe peke yako. Kilichomdhuru Badi ni lile jina la uongo ulilolitia kwenye jagi. Ungeniambia kweli siku ile, ningekukemea, nikaimwaga, yakaisha. Ulinidanganya mimi, akaumia asiyejua kitu. Kila unapotaka kusema uongo mdogo, mfikirie mtu utakayemkuta chini ya ngazi."

Akamwekea mkono shavuni.

"Lakini mbele ya moshi ule, sote tukiwa tumekwisha kuamini, ulisema kweli. Ndiyo maana mwanangu yuko hai. Nenda kwa baba yako. Mwanzie hapo."

Shekha alifuta macho, akaufunga mtandio wake vizuri, akatoka barazani.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nina jambo la kukueleza."