Jezi Kumi na Moja, Wachezaji Tisa

Kila Jumamosi asubuhi, nyumba ya fundi cherehani haikaliki. Viatu vya mpira viko chini ya meza ya kukatia nguo. Soksi moja iko juu ya cherehani. Ya pili haijulikani iliko.

"Mama, soksi yangu!"

"Iulize miguu yako, ndiyo iliyotembea nayo."

Binti ana miaka kumi na miwili. Wanamwita Nyuki kwa sababu hatulii. Mdogo wake wa miaka saba anaitwa Kifungo. Alikulia chini ya cherehani akichezea vifungo, na jina likamganda.

Baba yao ni fundi rangi. Siku za kazi hupaka kuta za watu. Jumamosi ni kocha wa timu ya shule. Shule yenyewe ni ndogo, ina walimu watatu, na hakuna hata mmoja anayejua mpira. Kwa hiyo baba alijitolea. Chokaa ya uwanja aliileta mwenyewe. Alipima uwanja mkubwa kabisa, hatua mia moja kwa sitini, akauchorea mistari iliyonyooka kama rula. Mgeni akija nyumbani, kabla hajamaliza chai, ameshapelekwa kuiona.

Mama naye alishona jezi. Alikuwa na kitambaa cha pazia kilichobaki, cha kijani chenye maua madogo. Akashona jezi kumi na moja, akaweka namba mgongoni.

"Tutaonekana kama madirisha," Nyuki alilalamika.

"Nyinyi fungeni magoli, maua hakuna atakayeyaona."

Shida ilikuwa moja tu. Jezi zilikuwa kumi na moja, na watoto wakubwa waliojua kucheza walikuwa tisa, wavulana watano na wasichana wanne. Shule nzima haikuwa na wengine.

Baba hakuliona hilo kuwa shida. "Mpira ni watu kumi na moja," alisema. "Sikuubuni mimi." Basi namba kumi akampa Kifungo. Namba kumi na moja akampa rafiki yake Kifungo, mtoto wa jirani, naye wa miaka saba. Jezi ziliwafika magotini.

Jumamosi hiyo walicheza na shule kubwa ya ng'ambo ya barabara. Mama alikaa kando ya uwanja. Mfukoni alikuwa na chaki yake ya kukatia nguo. Akaanza kuhesabu mara ambazo binti yake aliugusa mpira. Kila mguso, mstari mmoja kwenye jiwe. Hadi mapumziko, mistari ilikuwa minne. Muda wote Nyuki alikimbia tu, huku na huko, ulimi nje.

Kipindi cha pili, mpira uliopigwa kwa nguvu ulimpata Kifungo tumboni. Alikaa chini kama gunia. Mama alifika kabla ya kocha. Mtoto alitafuta pumzi, akatapika, kisha akalia. Alipolia ndipo watu wazima walipopumua.

Mechi iliisha kumi na mbili kwa sifuri.

Mwalimu mkuu alikuwa ameona yote. Alimwita baba pembeni, lakini Nyuki alikuwa karibu akifungua kamba za viatu, na akasikia.

"Kocha, nakushukuru kwa kujitolea," mwalimu alisema. "Lakini watoto wanaumia. Wazazi wawili wameshaniambia watawatoa wao. Nakupa wiki mbili. Jumamosi ya pili nitakuja tena kutazama. Nikikuta hali hii hii, mpira naufungia stoo. Hakuna timu tena."

Jioni hiyo walikaa kula. Nyuki alichezea chakula.

"Mama, timu ikivunjwa, mimi nitacheza wapi?"

Mama alimgeukia mumewe.

"Baba Nyuki, Kifungo haingii tena uwanjani na wakubwa. Wala yule mwenzake. Naye ana mama."

"Basi tubaki tisa? Tisa wacheze na kumi na moja? Au niende kuzaa wawili wengine?"

"Ukizaa wewe, sina kipingamizi."

Nyuki alicheka, ingawa hakutaka.

Jumatatu jioni jirani alibisha hodi. Ni dada mmoja anayeuza vifaa vya ujenzi dukani. Siku za mapumziko ni mwamuzi wa mpira, tena amesomea. Watoto wote wa mtaa wanamwita Shangazi Filimbi. Alileta kaptula yake nyeusi ya uamuzi ipunguzwe kiuno.

Aliiona jezi namba kumi juu ya kiti. Akaiokota.

"Hili gauni ni la nani?"

"Si gauni," Kifungo alisema. "Ni jezi yangu. Lakini mimi nimestaafu."

Wote walicheka. Kisha mama akamsimulia habari nzima, tangu jezi hadi stoo ya mwalimu mkuu. Filimbi akaacha kucheka.

"Nani aliwaambia lazima muwe kumi na moja?"

"Muulize shemeji yako, yupo hapo mlangoni."

Baba alikuwa akikoroga rangi kwenye ndoo. Hakuinua kichwa. "Ndivyo mpira ulivyo."

"Ndivyo mpira wa watu wazima ulivyo, shemeji. Watoto wengi hucheza saba kwa saba. Wadogo kama Kifungo hucheza wanne kwa wanne, hata kipa hawana. Shule ndogo nyingi hufanya hivyo. Wala hawajavunja sheria yoyote."

"Huo ni nusu mpira. Watatucheka."

"Juzi mlipopigwa kumi na mbili hawakuwacheka?"

Baba akakoroga rangi kwa bidii zaidi. Mama aliinamia kaptula ili asionekane anatabasamu.

"Haya," baba alisema. "Tunao tisa. Saba watacheza, wawili watakaa. Nitatafuta shule nyingine ndogo, tucheze saba kwa saba pale pale uwanjani."

"Hapo sasa ndipo wengi wanapokosea," Filimbi alisema. "Ukipunguza watu na kuuacha uwanja ule ule, umewaongezea mbio. Watoto saba kwenye uwanja wa watu wazima! Dakika kumi tu watakuwa hoi. Na goli lile, kipa wa miaka kumi na miwili ataruka hadi wapi?"

Mama aliinua uso. Jambo hilo alilijua kwa mikono yake.

"Ni kama kumpunguzia mtoto suruali ya baba yake," alisema. "Ukikata miguu peke yake, kiuno kinabaki cha baba. Mtoto akitembea hatua mbili, inamwanguka."

"Dada, umenimalizia kazi! Kila kitu kinapungua pamoja. Uwanja uwe kama hatua sitini kwa arobaini. Goli liwe dogo, hatua tano kwa upana. Mpira uwe namba nne, si ule wa namba tano mnaotumia. Na dakika ishirini kila kipindi zinawatosha, maji yakiwa karibu."

"Na wale wawili wanakaa tu hadi mwisho?" Nyuki aliuliza.

"Hakuna wa kukaa hadi mwisho. Mnabadilishana kila baada ya dakika chache. Aliyetoka anapumzika, kisha anarudi. Wote tisa wanacheza."

Nyuki alimtazama baba yake. Wote walimtazama. Baba aliweka mti wa kukorogea chini.

"Mistari yangu," alisema polepole. "Mnajua nilitumia siku ngapi kuichora?"

Hapo mama akaelewa. Mumewe hakuwa mkaidi. Alikuwa akiogopa kufuta kazi ya mikono yake.

Kesho yake, kabla ya kazi, yeye na mumewe walikwenda uwanjani wawili tu. Mama alichukua futi yake ya kupimia nguo. Alisimama akautazama uwanja kama anavyotazama kitambaa kilichotandazwa mezani. Hakukata kitambaa kwa haraka hata siku moja.

"Baba Nyuki, tusiukate kwa urefu. Tuukate kwa upana. Mistari yako ya pembeni inabaki ilivyo. Hapa uwanja mmoja, na kule mwingine. Katikati wazazi wanakaa."

Baba alipiga hesabu kwa vidole. Akatembea hatua sitini, akarudi. Akatembea arobaini. Uso wake ukaanza kufunguka.

"Kumbe! Nilikuwa na uwanja mmoja, sasa ninavyo viwili!"

"Na chokaa ni ile ile."

Magoli madogo baba aliyatengeneza kwa mabomba mepesi. Filimbi alikuja kuyakagua. Alisukuma moja kwa mkono mmoja tu, likayumba.

"Hili halichezewi," alisema. Safari hii hakutania hata kidogo. "Goli lisilofungwa chini linaua, shemeji. Upepo ukilipiga, au mtoto akijining'iniza, linamwangukia kichwani. Lishikizwe chini kwa uzito, tena kila mara kabla ya mchezo mlisukume kwanza. Na mtoto asiyekubali kuacha kuning'inia, atoke uwanjani."

Siku hiyo hiyo mama alishona mifuko minane ya turubai. Watoto waliijaza mchanga. Baba akaifunga nyuma ya magoli, minne kila upande. Filimbi alisukuma tena, mara hii kwa mikono miwili. Goli halikutikisika.

Jumamosi ya pili ikafika. Baba alikuwa amealika shule nyingine ndogo iliyokuwa na wachezaji wanane. Mwalimu mkuu alikuja mapema. Alisimama kando, mikono nyuma. Nyuki alikuwa ameshavaa tangu alfajiri, na soksi zote mbili zilikuwa miguuni.

Wageni wakafika. Mwalimu wao alikuwa dada mmoja mpole. Aliwahesabu watoto wake mara mbili, kama vile wangeongezeka.

"Kocha, samahani sana," alisema. "Wawili wameamka na homa. Nimewaleta sita. Nilitaka nisije, lakini nikaona si vizuri. Tumekuja kuwaomba radhi, halafu turudi."

Watoto wake sita walitazama chini. Mmoja wao alikuwa amefunga viatu kwa kamba za rangi mbili tofauti.

Baba alimtazama Filimbi. "Sheria inasemaje?"

"Hii ni mechi ya kirafiki ya watoto. Mkipenda, chezeni saba kwa sita. Mkipenda, punguzeni na nyinyi. Mkubaliane tu."

"Saba, kocha!" kipa alinong'ona. "Tuwafunge leo! Hatujawahi kumfunga mtu!"

Ni kweli, hawakuwahi. Baba alimtazama mwalimu mkuu, akamtazama binti yake. Ushindi ulikuwa pale, umekuja wenyewe kwa miguu.

"Sita kwa sita," baba alisema. "Mpira ni watu wanaolingana. Nyuki, wewe anza nje."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ni binti wa kocha. Dakika tano, halafu unaingia."

Nyuki alinuna dakika tano kamili. Alipoingia, alisahau kununa. Uwanja ulikuwa mdogo, na mpira haukwenda mbali kumkimbia. Aliupokea, akautoa, akaupokea tena. Mama alitoa chaki. Alihesabu hadi thelathini na kitu, kisha Nyuki akafunga goli, mama akaruka, na hesabu ikapotea.

Kwenye pembe ya uwanja wa pili, Kifungo na wenzake walicheza wanne kwa wanne na mpira laini, magoli yao yakiwa viatu viwili viwili. Kifungo alifunga goli zuri sana langoni mwake mwenyewe, akakimbia uwanja mzima akishangilia. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Wachezaji wote tisa waliingia. Hakuna aliyetapika, hakuna aliyechechemea. Wageni walishinda nne kwa tatu. Goli la mwisho lilipigwa na yule mwenye kamba za rangi mbili, na hata kipa wa kina Nyuki alimpa mkono.

Watoto walikaa chini pamoja wakinywa maji, jezi za kijani na nyeupe zimechanganyika, wakibishana kuhusu goli la pili. Wale wazazi wawili waliotaka kuwatoa watoto wao walikuwa wakibishana pia, kwa sauti kubwa kuliko watoto.

Mwalimu mkuu alitembea hadi alipokuwa baba. Nyuki alimwona. Akaacha kunywa. Mama alimshika bega.

"Mmefungwa, kocha," mwalimu alisema.

"Tumefungwa, mwalimu."

"Sikusikia mtoto akilia."

"Hapana."

Mwalimu mkuu aliwatazama watoto. Kisha akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akamkabidhi baba.

"Uwe unachukua mpira mwenyewe, usinisubiri mimi. Jumamosi ijayo mnacheza na nani?"

Baba aliugeuza ufunguo mkononi. Hakuwa amefika huko. Alikuwa ameomba siku hii moja tu.

Nyuki ndiye aliyejibu, maji yakimtiririka kidevuni.

"Na yeyote atakayekuja, mwalimu. Hata wakiwa watano."