Neno la Herufi Sita Kwenye Chupa

Kila siku alasiri, kengele ya mwisho ikishalia, msichana mmoja wa darasa la sita alishika njia ile ile. Alipita kwa fundi viatu, akapita kwa muuza maziwa, akakunja kona penye nguzo ya taa, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma nyumbani kwa shangazi yake aliyekuwa dobi. Aliishi hapo kwa sababu wazazi wake walifanya kazi mji mwingine na walikuja mwisho wa mwezi tu. Alivua viatu, akaosha vikombe vya chai, akakunja foronya zilizokauka. Kazi zikiisha alijipenyeza katikati ya mashuka yaliyoanikwa uani, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Mashuka yale yalikuwa kama chumba chake. Jua lilipoyapenya liligeuka maziwa, na sauti za mtaa zilimfikia kwa mbali, kama zinatoka upande wa pili wa usingizi. Humo ndimo alimofungulia daftari lake la maneno.

Mwalimu wao wa Kiingereza, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, alikuwa na desturi ya kuchora visanduku sita ubaoni kila Ijumaa. Kila mwanafunzi alileta neno moja la Kiingereza lenye herufi sita, si tano wala saba, akaeleza maana yake kwa Kiswahili. Wengi walileta maneno ya kila siku: "window", dirisha, "bucket", ndoo, "needle", sindano. Msichana huyu hakuyataka hayo. Alisema ni maneno ya kuokota njiani. Yeye alileta "zephyr", upepo mwororo usioweza kutikisa hata ukope. Wiki nyingine alileta "meadow", uwanda wa majani na maua mahali ambapo hakuna mtu anayekuharakisha. Mara nyingine tena alileta "ripple", kiwimbi kinachotambaa jiwe likishazama. Alipoeleza, darasa zima lilitulia, na wale wa nyuma waliacha kuchokozana.

Basi wenzake wakambandika jina la Kamusi. Jina likatoka shuleni likamfuata mpaka mtaani, ikafika hatua hata shangazi yake akalitumia zaidi kuliko lile alilopewa na wazazi.

Watu wa mtaani nao wakaanza kumletea maboksi na vikaratasi vyenye Kiingereza awasomee. Mwoka mikate alileta maelezo ya jiko lake jipya. Muuza maziwa alileta mfuniko wenye maandishi madogo kama mayai ya sisimizi. Kamusi alisoma, akaeleza, wakamshukuru. Siku ya kwanza alipokutana na neno asilolijua, alilikisia, akapatia. Siku ya pili akakisia tena, akapatia tena. Akazoea. Hakuona kama ni uongo. Aliona ni kama kuruka mtaro huku umefumba macho: mguu ukitua salama, nani atauliza ulifumba?

Jumatano moja fundi saa wa mtaa wa pili alikuja kwa shangazi na kifurushi kidogo. Alikuwa mzee mwembamba, mjane, mwenye vidole virefu na miwani iliyoning'inia kifuani. Alifungua kifurushi kwa uangalifu mkubwa. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe cha meza kilichotariziwa ndege wa buluu, wengine wakiruka, wengine wametua. Pembeni palikuwa na doa la kutu.

"Alikitarizi marehemu mke wangu," fundi saa alisema. "Binti yetu anarudi Jumapili. Ni miaka minne hajakanyaga nyumbani. Ningependa akikute mezani."

"Kiache, fundi," shangazi akasema. "Nimenunua dawa mpya ya madoa. Muuzaji amesema doa lolote litatoka."

Fundi saa alipoondoka, shangazi alitoa chupa ya ile dawa, akaigeuza huku na huku. Alisoma Kiswahili vizuri, lakini maandishi ya chupa ile yote yalikuwa ya Kiingereza.

"Kamusi," aliita. "Hebu nisomee hapa."

Kamusi alitoka kwenye mashuka yake huku kichwa kikiwa bado kimejaa neno la Ijumaa. Safari hii alikuwa amepata "mirage", yale maji yanayoonekana mbele barabarani kukiwa na jua kali, ukiyafikia hayapo. Alishika chupa. Maneno makubwa yalikuwa matatu: "Dilute before use." "Before" alilijua. "Use" alilijua. La kwanza lilikuwa na herufi sita, na hakuwahi kuliona popote.

Akaisogeza chupa karibu na macho.

"Ni gumu?" shangazi akauliza.

"Si gumu," Kamusi akajibu upesi. Chupa nyingi alizowahi kuona zilitaka kutikiswa. "Inasema tikisa kabla ya kutumia."

"Nilijua hutashindwa," shangazi akasema, akampapasa kichwa.

Kamusi akarudi kwenye ndoo yake. Alisikia chupa ikitikiswa, chaka-chaka-chaka, na sauti hiyo ikachanganyika na ndoto zake za maji yasiyokuwepo.

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta shangazi ameketi kwenye kiti cha kupigia pasi bila kupiga pasi. Kitambaa kilikuwa magotini mwake. Pale palipokuwa na doa la kutu sasa palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, na kingo zake zilikuwa zimegeuka njano. Ndege mmoja alikuwa ametoweka kabisa. Vidole vya shangazi vilikuwa vyekundu, na ngozi ilikuwa inabanduka kwenye ncha.

"Imekuwaje, shangazi?"

"Sijui, mwanangu. Nilipaka dawa nikasugua kwa mkono. Mikono ilianza kuwaka, nikaiosha kwa maji mengi. Kurudi, nikakuta kitambaa kimelika." Alitazama vidole vyake. "Labda sikutikisa vya kutosha."

Maneno hayo yalimwingia Kamusi kama mwiba. Akachukua mkoba, akaenda shule bila kunywa chai.

Siku hiyo njia nzima ilikuwa kama inapita chini ya maji. Watu walimsalimu, naye alisikia sauti zao zimechelewa. Wakati wa mapumziko alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vitabu, akatoa kamusi kubwa ya shule, akatafuta chini ya herufi D. Kidole chake kilishuka polepole. Neno lilikuwepo, limekaa kimya kati ya maneno mengine ya kawaida. Maana yake: kupunguza ukali wa kitu kwa kukiongezea maji.

Alilisoma mara tatu. Halikuwa adimu hata kidogo. Lilikuwa neno la jikoni, la hospitalini, la mafundi rangi. Yeye alijua upepo mwororo na uwanda wa maua, lakini neno la kulinda mikono ya shangazi yake hakulijua. Na hata hilo si lililomchoma zaidi. Kutolijua kulikuwa jambo dogo. Alikuwa ameulizwa kama ni gumu, akajibu si gumu.

Mwalimu alimkuta amesimama pale, kitabu wazi mikononi.

"Unatafuta neno la kesho?"

"Nimelipata, mwalimu," Kamusi akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nimelichelewa." Akamweleza yote.

Mwalimu hakumkaripia. Alimuuliza jambo moja tu: "Shangazi anajua?"

"Bado."

"Basi mimi sikustahili kuwa wa kwanza kuambiwa. Ikilia kengele ya mwisho, nenda mbio. Na mwambie aende zahanati akaonyeshe hiyo mikono."

Alasiri hiyo Kamusi hakupunguza mwendo kwa fundi viatu wala kwa muuza maziwa. Alimkuta shangazi anakunja nguo kwa viganja, ili vidole visiguse kitu. Alisimama mbele yake.

"Shangazi, ile chupa haikusema tikisa. Ilisema ongeza maji ipungue ukali. Lile neno sikulijua. Nilikudanganya."

Shangazi aliweka shati chini.

"Tangu jana nimekuwa najilaumu," alisema. "Usiku nilikuwa nawaza, miaka kumi na minane ya udobi, leo nimesahau kazi."

"Nisamehe, shangazi."

"Nitakusamehe. Lakini kwanza vaa viatu. Tunakwenda zahanati, na tukitoka huko tunakwenda kwa fundi. Wewe ndiye utakayesema."

Muuguzi alivisafisha vidole, akavipaka dawa na kuvifunga bendeji. Alisema vitapona, ila shangazi asiguse sabuni kwa wiki moja.

Karakana ya fundi saa ilikuwa chumba kimoja chenye saa kila ukuta. Kila moja ilitembea kwa hatua zake, na ukisimama katikati ulihisi kama mvua inanyesha mahali pasipoonekana. Fundi alivua miwani alipoona bendeji, kisha akaona kitambaa. Akakipokea. Akapitisha kidole kwenye kingo za lile tundu, taratibu, kama mtu anayepapasa shavu la mgonjwa.

"Shikamoo, babu," Kamusi akasema.

"Marahaba."

"Mimi ndiye niliyeharibu. Shangazi aliniuliza neno, nikamwambia maana ya kubuni. Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa hujui, au ulikuwa hujui kwamba hujui?"

Kamusi akainama. "Nilikuwa najua kwamba sijui."

Fundi saa aliketi. Machozi yalimlenga, akayaacha yalenge. "Nina miaka arobaini katika kazi hii," alisema. "Saa iliyosimama hainisumbui. Mwenyewe anaiona imesimama, anaileta, naifungua. Inayoniogopesha ni ile inayotembea vizuri huku inadanganya. Mwenyewe anaiamini, anachelewa safari, na hajui kosa liko wapi." Akavaa tena miwani. "Afadhali wewe umesimama mapema. Unajua kutarizi?"

Neno "ndiyo" lilikuja mpaka kwenye ulimi wa Kamusi kwa mazoea. Akalimeza. "Sijui, babu."

"Na mimi sijui. Lakini nilimtazama mke wangu akitarizi miaka mingi, na sindano zake ninazo. Njoo kesho ukitoka shule."

Ijumaa Kamusi hakupeleka "mirage". Aliandika "dilute" kwenye visanduku sita ubaoni, akaeleza maana yake, kisha akawasimulia wenzake jinsi alivyolijua. Hakuna aliyecheka. Mvulana aliyeleta "bucket" wiki iliyopita alimuuliza kama vidole vya shangazi vinauma sana.

Alasiri hiyo na Jumamosi nzima, msichana na mzee waliketi dirishani. Shangazi, asiyeweza kushika kitu, aliwaelekeza jinsi ya kukata kiraka cha kitambaa cheupe na kukishona kwa ndani. Fundi saa alichora ndege kwa penseli, akatunga uzi kwa koleo lake dogo la kushikia vyuma vya saa. Kamusi alichoma sindano ndani, akaitoa nje, ndani, nje. Alijidunga mara tisa. Mikono yake ilipozoea, saa zote za ukutani zikawa kama zinamhesabia mishono, na mchana ukaelea bila yeye kuuona. Alipoinua kichwa, taa za barabarani zilikuwa zinawashwa.

Walikitandaza kitambaa. Ndege mpya alikuwa mnene kupita wenzake, shingo fupi, bawa moja limepinda.

"Huyu ni bata," shangazi akasema.

"Ni bata," fundi saa akakubali, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi akacheka. "Na hatumfichi. Binti yangu akiuliza, nitamsimulia."

Jumapili binti aliuliza kabla hata hajamaliza kuvua viatu, akasimuliwa. Jioni alipita kwa dobi kumshukuru shangazi, akamwambia Kamusi kwamba mama yake naye alifumua ndege wengi kabla ya kumpata wa kwanza aliyependeza, ila ndege hao watu hawakuonyeshwa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata, mke wa mwoka mikate alikuja na mtoto mgongoni na kichupa cha dawa mkononi. Mtoto alikuwa analia akishika sikio. "Kamusi, nisomee haraka. Ni ya kutia sikioni, au ya kunywa?"

Kwenye kichupa palikuwa na neno "orally". Kamusi alilihesabu bila kutaka: herufi sita. Lilifanana na neno alilowahi kulisikia, lakini kufanana tu. Mama wa mtoto alikuwa anamtazama, na shangazi pia.

"Hili neno silijui," Kamusi akasema.

"Wewe? Wewe Kamusi hujui?"

"Silijui, mama. Lakini duka la dawa bado liko wazi. Twende tukamuulize mwenye dawa, nitakusaidia kumbeba mtoto."

Walikwenda. Mwenye duka aliwaambia dawa ile ni ya kunywa, tena kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kwamba kuitia sikioni kungemzidishia mtoto maumivu. Kamusi aliandika neno lile na maana yake kwenye daftari, ukurasa mmoja na maneno yake ya upepo na maua.

Aliporudi, shangazi alikuwa amefungua bendeji. Ngozi mpya ya vidole vyake ilikuwa laini, ya rangi ya waridi. Alimvuta Kamusi karibu.

"Mwanangu," alisema, "utasoma mpaka uzeeke, na usiyoyajua bado yatakuwa mengi kuliko unayoyajua. Hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Lakini mtu akikuuliza jambo, amekupa mkono wake umwongoze. Kama hujui njia, mwambie palepale hujui, msimame wote wawili mkaulize. Usimvute tu kwa sababu amekuamini."

"Nimesikia, shangazi."

"Haya. Sasa niletee beseni. Leo nafua mwenyewe."