Breki Iliyonyamazishwa

Kila asubuhi watoto waliokuwa langoni mwa shule walijua kwamba Mama Mayai anakuja kabla hawajamwona. Breki ya nyuma ya pikipiki yake ilianza kulia kama mbuzi tangu kwenye kona, ikaendelea kulia mpaka gurudumu likasimama. Nyuma ya kiti zilifungwa trei za mayai ya kupeleka kwenye duka la mikate, chini ya mteremko. Kati ya mama na trei alibanwa binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mbuzi wenu amefika," wenzake walimtania.

Siku ya kwanza Chiriku alicheka nao. Baadaye utani ukamchosha, akawa anatamani ashukie mbali na lango.

Jumamosi mama alipeleka pikipiki kwa Fundi Polepole kubadilisha tairi ya nyuma. Fundi huyo alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumaliza kazi kabla hajairudia. Alipofunga tairi alimwambia mama, "Breki hii inashika, lakini imejaa vumbi. Niachie niifungue na kuisafisha vizuri. Jioni utaipata."

"Jioni yako naijua," mama alimjibu akicheka. "Inaweza kuwa ya wiki ijayo. Mayai hayangoji, Fundi. Nitaileta siku nyingine."

Kesho yake baba alitia mafuta ya cherehani kwenye bawaba za mlango wa jikoni zilizokuwa zikipiga kelele. Mlango ukanyamaza papo hapo. Chiriku alitazama mlango, akatazama pikipiki uani, akapata wazo ambalo aliliona zuri sana. Baba alipoondoka, alichukua kile kichupa cha mafuta, akakipenyeza mdomo kwenye uwazi mwembamba ulio kando ya gurudumu la nyuma, akakibinya. Kisha akakibinya tena, maana mbuzi mwenyewe alikuwa na sauti kubwa.

Jumatatu asubuhi mama alifunga trei zake, akawasha pikipiki na kuiendesha taratibu kuelekea barabarani. Mbele ya nyumba akakanyaga breki ili amngoje Chiriku aliyekuwa akifunga kamba za viatu. Pikipiki haikulia. Wala haikusimama. Ilijiendea zake, bila haraka na bila adabu, ikaingia kwenye kamba ya nguo ya jirani. Mama alipokumbuka kubana breki ya mbele, alikuwa ameshajifunika shuka jeupe la jirani toka kichwani mpaka magotini, na mayai kadhaa yalikuwa yamepasuka.

Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka.

"Ni huyu Polepole," alisema akijivua shuka. "Ameligusa gurudumu Jumamosi tu, na leo breki haipo."

Akaisukuma pikipiki mpaka kwenye karakana. Chiriku alimfuata nyuma, kimya, na laiti mama asingekuwa na hasira angegundua kwamba kimya hicho si cha kawaida.

"Jumamosi niliijaribu mwenyewe, ilishika," Fundi alisema.

"Basi nani kaiharibu, kuku?"

Wateja waliokaa kwenye benchi wakatazamana. Fundi aliinama, akakaza nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, akakanyaga pedali, akakuna kichwa. "Sasa inashika kidogo. Huenda niliiacha imelegea. Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe, lakini kuanzia kesho nitaipeleka kwa fundi wa sokoni."

Mmoja wa wateja alinyanyuka na kuchukua ufunguo wa pikipiki yake mezani ili aondoke. Fundi alimwona, akatazama chini. Mama akavaa kofia ngumu, akawasha pikipiki. Mbele yake kulikuwa na ule mteremko mrefu, na Chiriku aliufahamu vizuri. Aliogopa kuchapwa, aliogopa kuchekwa, lakini aliogopa zaidi mteremko. Akashika mpini wa pikipiki kwa mikono miwili.

"Mama, usiende. Si Fundi. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilitia mafuta ndani ya gurudumu, yale ya cherehani. Mlango uliacha kulia, nikadhani na breki itaacha."

"Na kweli imeacha," alisema yule mteja, akarudi kukaa.

Mama alizima injini. Fundi alilitoa gurudumu, akamwonyesha Chiriku vipande viwili vilivyopinda, viking'aa kwa mafuta. "Hizi ni brekishuu. Zikitanuka zinasugua ukuta wa ndani wa gurudumu, na msuguano huo ndio unaokusimamisha. Umezitelezesha. Hata ningekaza nati mpaka jioni, mteremkoni zisingeshika."

"Ile jioni yako?" mama aliuliza, na safari hii akatabasamu.

Fundi alifuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Chiriku alipotaka kulipuliza alimzuia, akisema vumbi la breki haliingizwi mapafuni. Alisafisha ule ukuta kwa petroli, akaukausha, akaupiga msasa. Akafunga brekishuu mpya, maana zilizokunywa mafuta hazitibiki. Mwisho akarekebisha nati mpaka gurudumu likazunguka huru na pedali ikashika baada ya kushuka kidogo tu. Akaijaribu polepole mahali tambarare. Ilisimama pale pale, bila mlio.

Mama aliwageukia watu wa benchi. "Nimemkosea Fundi mbele yenu, kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu. Aliniambia breki isafishwe, nikaahirisha."

"Yameisha, mama," alisema Fundi, na uso wake ukachangamka.

Kisha mama alimwinamia Chiriku. "Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ile breki ilikuwa inalia ili tuitibu. Mimi nikajifanya siisikii, wewe ukaiziba mdomo. Na wewe leo ulikuwa karibu kujiziba mdomo wako. Kukosea kunasameheka, lakini kosa likifichwa humwangukia asiye na hatia. Umesema kabla sijafika mteremkoni, na kwa hilo nakushukuru."

Chiriku alipumua kwa raha.

"Ila shuka la jirani utalifua wewe," mama aliongeza, "na lina ute wa mayai."

Chiriku akapanda nyuma yake, akaanza kueleza sabuni atakayotumia na mahali atakapolianika, na hakunyamaza mpaka langoni mwa shule.