Mpaka Uje na Njeru

Kila asubuhi Wawira alimsaidia mama yake kuwasha moto, akanywa uji mwepesi uliobaki jana, kisha akangoja lango la kijiji lifunguliwe. Kijiji chao kilikuwa kipya, upande wa Runyenjes, na hakuna aliyekipenda. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Serikali ya wakoloni ilikuwa imewahamisha watu kutoka mashambani mwao na kuwabananisha pamoja, kibanda kwa kibanda, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa msituni. Kijiji kilizungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na waliolichimba ni akina mama. Lango likifunguliwa, wao walikwenda handakini na watoto wa shule wakashika njia.

Shuleni kulikuwa na mwalimu mpya, Mwalimu Mwirigi, kijana kutoka Kibirichia, Meru. Alifundisha hesabu vizuri ajabu, na kaptura yake nyeupe ilipigwa pasi hadi watoto wakanong'onezana kwamba ule mkunjo ungeweza kumenya kiazi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa ametoka chuoni moja kwa moja, alilala katika nyumba za walimu, na kijijini kwa watoto hao alikuwa hajakanyaga hata mara moja.

Jumatatu moja mkebe wa maziwa ya unga, yaliyotolewa kwa ajili ya uji wa watoto wadogo, ulikosekana kabatini. Mwalimu Mwirigi aliwaka. Akawatoa wanafunzi wake uwanjani, akawaamuru wachuchumae kwa mstari.

"Kila mmoja atakuja aninong'oneze jina la mwizi," alisema. "Hakuna atakayejua nani amesema."

Alidhani amepata njia ya busara. Kumbe watoto walikuwa wameuona mstari kama huo mara nyingi kule kijijini, askari walipotafuta majina. Wawira alikuwa amemwona Muturi, anayekaa naye dawati moja, akitoka na mkebe ndani ya shati. Alijua pia kwamba mama yake Muturi ni mgonjwa, ana mtoto mchanga, na maziwa yamemkauka.

Zamu yake ilipofika, mwalimu aliinama. "Nani?"

"Njeru," Wawira alinong'ona.

"Njeru yupi? Darasani kwangu hakuna Njeru!"

Wawira akatazama chini.

"Unanifanyia mchezo?" Mwalimu alipaza sauti. "Chukua vitu vyako uende nyumbani. Usirudi hapa mpaka uje na huyo Njeru wako!"

Wawira alilia njia nzima. Aliipenda shule kuliko kitu chochote kilichobaki maishani mwake, na sasa ametakiwa kumleta mtu asiyeweza kuletwa. Mama yake hakumgombeza. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kuomba ruhusa ya kutoka kazini akaonane na mwalimu. Alinyimwa.

"Basi," alimwambia binti yake, "njoo unisaidie kubeba udongo."

Siku zikapita. Darasani Muturi hakumtazama mtu usoni. Mwalimu Mwirigi naye hakuweza kuacha kulitazama dawati lile. Wawira hakuwa mtoro, wala hakujulikana kwa uongo. Hasira zilipompoa, mwalimu aliona aibu kidogo, akaamua kwenda mwenyewe.

Langoni askari alimkagua kuanzia viatu hadi kofia. "Wewe unataka nani?"

"Mama yake Wawira."

"Mama Njeru? Yuko kule, anachimba."

Mwalimu alishtuka. Kumbe Njeru yupo! Akaongeza mwendo, akijua sasa amempata mwizi wake.

Mama Njeru alikuwa ndani ya handaki na jembe mkononi. Wawira alikuwa juu na karai la udongo. Alipomwona mwalimu aliliweka chini, akachuchumaa papo hapo bila kuambiwa.

"Habari ya kazi, mama," mwalimu alisema. "Nimekuja kwa sababu ya Njeru. Tafadhali mwite, nina maneno naye."

Mama alijifuta jasho. "Nimemwita sana, mwalimu. Haitiki."

Akaonyesha kwa mpini wa jembe, ng'ambo ya handaki, penye mgomba mmoja na udongo ulioinuka. "Ni yule. Kifungua mimba wangu. Homa ya matumbo ilimmaliza, ile mvua ya kwanza tukiletwa hapa."

Mwalimu alivua kofia.

"Hapa wakitaka jina, mtu akitajwa anachukuliwa," mama aliendelea. "Baba yao alitajwa. Mpaka leo hatujui ako wapi. Mimi nikamwambia huyu msichana, wakikubana sana, wewe sema Njeru. Njeru hakuna mtu anaweza kumpiga tena."

"Lakini mama, mimi si askari."

"Wewe uliwaweka chini kwa mstari, ukataka jina. Mtoto atajuaje?"

Maneno hayo yalimchoma mwalimu moyoni. Alimtazama Wawira aliyechuchumaa mbele yake, akaona kwamba mtoto yule hakuwa amemdharau hata kidogo. Alikuwa amemwogopa.

"Mama Njeru!" askari alifoka. "Maneno mengi, kazi hakuna!"

Mwalimu Mwirigi aliteremka handakini na kaptura yake nyeupe, akapokea jembe. Alikuwa amekulia kwenye mashamba ya viazi, na jembe halikumpa taabu. Mama Njeru akakaa ukingoni, akanyoosha miguu.

"Wawira," mwalimu alisema huku akichimba, "nilikukosea. Nisamehe. Kesho uje shule. Sitakuuliza jina la mtu yeyote."

Kesho yake aliliambia darasa zima hivyo hivyo. "Niliuliza nani, sikuuliza kwa nini. Mwenye shida kwao aje aniambie. Fimbo sitaishika."

Hakuna aliyejitokeza. Walishadanganywa na watu wazima wengi. Mwalimu hakuwasukuma. Alianza kuwasindikiza jioni hadi langoni, akiuliza nani anaumwa na nani hajala. Mambo mengine hayakubadilika. Handaki lilizidi kuchimbwa, na baba yake Wawira hakurudi.

Ndipo asubuhi moja, katikati ya hesabu, Muturi alisimama akiwa na mkebe mtupu uliooshwa ukang'aa.

"Mwalimu, ni mimi. Ni mimi Muturi. Mtoto wetu alikuwa analia sana." Akamgeukia Wawira. "Ulifukuzwa kwa ajili yangu."

Darasa zima likasubiri fimbo. Mwalimu aliupokea mkebe kwa mikono miwili.

"Umechukua chakula cha wadogo zako, na hilo ni kosa," alisema. "Wiki hii utasaidia kuwapikia uji. Mama yako na mtoto nitawaombea nafasi zahanati. Na nyote nisikilizeni. Mtoto hamwambii ukweli mtu anayemwogopa. Mimi nilitaka mniamini kabla sijajua mnaishi vipi, na hilo lilikuwa kosa langu. Anayetaka kuaminiwa, kwanza ajiulize mwenzake amebeba nini."

Jioni, lango lilipokaribia kufungwa, Wawira alisimama ukingoni mwa handaki akautazama ule mgomba.

"Njeru," alisema polepole, "leo shuleni hakuna aliyekutaja."