Baridi Iliyomshika Nadège

Asubuhi hiyo, kijijini Lubondja, Anastasie na binti yake Nadège walikuwa wakitoa mihogo majini. Mihogo ilikuwa imelowa siku nne na sasa ilikuwa laini. Jua lilikuwa kali. Anastasie alitokwa na jasho. Nadège alikuwa amevaa sweta, na juu yake amejifunga vitenge viwili.

"Mama, mi nasikia baridi," alisema.

"Baridi gani na jua hili? Ni malaria. Kunywa dawa."

"Nilishakunywa, siku tatu zote. Baridi iko palepale. Na miguu haina nguvu."

Anastasie aliinama, akaendelea kutoa mihogo. Siku tisa kabla, ndani ya kiatu cha kanisani cha Nadège, alikuta mfuko mdogo wa vidonge visivyo na jina. Vilikuwa vidonge vya kunenepesha. Nadège alivinunua sokoni, mjini Baraka, akavimeza kila siku kwa miezi mitano. Mashavu yake yakajaa, yakawa mviringo.

Aliyemtia katika mambo hayo ni Fanny, shangazi wa mchumba wake Jacques. Fanny alipokuja mara ya kwanza, alimtazama Nadège toka kichwani mpaka miguuni, akacheka.

"Huyu ni mwiko wa kusongea bugali! Kwenu hamukule?"

Anastasie alipoona vidonge vile, alivitupa vyote chooni siku ileile. "Hutameza tena sumu hii," alisema. Wakakubaliana kunyamaza. Familia ya Jacques ikijua kwamba unene umetoka kwenye mfuko, itasema imedanganywa. Harusi inaweza kufa.

Siku hiyo ya mihogo, kabla ya saa sita, Fanny alifika kutoka Baraka ili wapange siku ya harusi. Nadège alisimama kumsalimu. Akashika nguzo ya mlango, akatapika, akaanguka.

Majirani walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, mpaka kituo cha afya. Fanny alifuata nyuma, amevua viatu, anavishika mkononi. Muuguzi, jina lake Néhémie, alimtoboa Nadège kidole na kupima damu.

"Malaria hakuna," alisema.

Akaweka kipimajoto kwapani. Kilipolia, alikisoma, akachukua kingine, akapima tena.

"Thelathini na tano nukta mbili. Vyote viwili vinasema vilevile. Mwili wenye afya unakaribia thelathini na saba. Huyu ni baridi kweli."

Alipima nguvu ya damu, yaani presha. Ilikuwa themanini kwa arobaini, chini sana. Sukari nayo ilikuwa imeshuka. Kisha akampapasa shingo, akimwambia ameze mate.

"Unatafuta nini shingoni, muganga?" Fanny aliuliza. "Anaumwa tumbo, we unashika shingo!"

"Hapa mbele ya koo kuna tezi, mama. Tezi ni kiungo kidogo kinachotuma kemikali kwenye damu. Hii ya koo inaamua mwili utumie chakula na kutoa joto kwa kasi gani. Ikifanya kazi polepole, mtu anasikia baridi, anachoka, anapata choo kigumu, ngozi inakauka. Lakini hayo yanakuja taratibu, kwa miezi. Nadège alianza lini?"

"Wiki hii," alisema Anastasie.

"Basi sifikiri ni tezi ya koo. Anameza dawa gani?"

"Hakuna. Za malaria tu."

"Na kabla ya hapo?"

Anastasie alimtazama Fanny. Fanny alikuwa amekaa kwenye benchi na mkoba wake mapajani. Nadège alifungua macho, akayafunga. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Néhémie aliweka kalamu chini. "Mama, mi sihukumu mtu. Uso wake ni mviringo, lakini mikono imelegea. Kwenye mapaja kuna mistari ya zambarau. Nimeshaona hivyo kwa wengine. Ukinificha, nitamtibu ugonjwa ambao hana. Nguvu ya damu yake inazidi kushuka."

Anastasie alisema upesi, kabla hajabadili mawazo.

"Alikuwa anameza vidonge vya kunenepa. Miezi mitano. Mi nikavitupa chooni, siku tisa zilizopita."

Fanny aligeuka. "Kumbe!"

"Ndiyo, kumbe," alisema Anastasie. "Ulimwita mwiko. Sasa tuache muganga afanye kazi."

Néhémie alimpigia simu daktari wa hospitali kule Baraka. Kisha alimchoma Nadège sindano ya haidrokotisoni, akamtundikia maji ya chumvi na sukari. Wakati maji yanashuka, alieleza.

"Juu ya kila figo kuna tezi nyingine ndogo. Inasaidia kushikilia nguvu ya damu, chumvi na sukari. Vidonge vile, mara nyingi, ni dawa kali inayofanya kazi ya tezi hiyo. Mtu akimeza kila siku, tezi inaona kazi imeshafanywa, inalala. Dawa ikikatwa ghafla, tezi haiamki siku hiyo. Mtu anabaki hana dawa, hana tezi. Ndiyo hii baridi, kutapika na kuanguka. Sindano niliyomchoma inashika kazi ya tezi kwa sasa."

"Basi ni mi nilimuangusha," alisema Anastasie.

"Vidonge vilikuwa vibaya, na kuacha ni lazima. Lakini dawa hiyo hupunguzwa kidogokidogo, na anayepunguza ni muganga. Ungeleta ule mfuko hapa."

Jioni kipimajoto kilisoma thelathini na sita nukta moja. Nadège aliomba uji.

Kesho yake walimpeleka hospitali Baraka. Daktari alipima damu yake. Tezi ya koo ilikuwa nzima. Tezi za juu ya figo zilikuwa zimelala, kama Néhémie alivyosema. Nadège alipewa vidonge vya hospitali, vya kumeza kila asubuhi na kupunguza kwa miezi kadhaa. Alipewa pia karatasi ya kutembea nayo. Iliandikwa kwamba akishikwa na ugonjwa mkali au akipata ajali, waganga wamwongezee dawa.

Fanny alikuja kumwona wodini. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Siku ya harusi tutaisogeza," alisema. "Nilimwambia Jacques kila kitu. Alinikaripia mimi. Alisema anaoa mtu, haoi kilo."

Walifunga ndoa mwezi wa nane. Mashavu ya Nadège yalikuwa yamepungua, na fundi alilazimika kubana gauni pande zote mbili. Asubuhi ya harusi alimeza nusu kidonge, kwa sababu daktari alikuwa bado hajamwambia aache.

Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha bamama kanisani, Anastasie aliomba kusema. Alieleza habari yote: vidonge, choo, kipimajoto. "Kama mtoto wako anameza, usimpige na usivitupe," alisema. "Mpeleke kituoni na mfuko wake." Hakuna aliyeuliza swali. Bamama walitazama chini, kikao kikafungwa kwa sala.

Anastasie alirudi nyumbani akidhani hakuna aliyemsikia.

Jumatatu, Néhémie alipofungua kituo, alikuta wasichana watano kwenye benchi, kila mmoja na mfuko mdogo mkononi. Mmoja alikuwa amekuja na nyanya yake. Aliwasalimu, akaenda ndani kuchukua kipimajoto, akamwita wa kwanza.