Fungu la Senge

Stoo ya mahakama ilikuwa kavu na Singida haikuona mvua tangu Aprili, lakini faili la mirathi la mwaka 1967 lilinuka ngozi mbichi ya ng'ombe.

"Tumelitafuta mara tatu," karani Marietha alinong'ona. "Leo liko juu kabisa."

Asnath alilipokea kwa mikono miwili. Siku ya tisa sasa bintiye Rahel, wa miaka sita, hali wala halali, na kinywani mwake hutoka sauti ya mzee: Mmegawana, mimi mmeniacha. Hospitali hawakuona ugonjwa. Mganga Laurian wa Mkiwa ndiye aliyemwambia, "Tafuta aliyerukwa katika mirathi ya babu yako. Mwite majina yake yote, umpe fungu. Ila ulitaje wewe, mama. Usimwachie achague."

Faili lilionyesha warithi wa babu yake, marehemu Ntandu Mughenyi, walikuwa saba. Sita waliandikiwa ng'ombe. Wa saba, Senge Ntandu Mughenyi, mbele ya jina lake palikuwa patupu. Muhtasari wa kikao cha ukoo ulisema: Yuko machimboni, harudi. Ahesabiwe amekufa. Chini, alama sita za dole gumba.

"Alikuwa hai," Marietha alisema.

"Walitaka ng'ombe wake."

Bodaboda ilimfikisha nyumbani Ilongero saa tisa alasiri. Njia nzima alirudia fungu atakalolitaja: ndama mwekundu, ndama mwekundu. Lakini alipoingia ndani harufu ya ngozi ilikuwa imetangulia, na Rahel alikuwa amekakamaa kitandani, macho yamegeuka meupe, kifua hakipandi wala hakishuki, na Asnath akapiga magoti akaita, "Baba mdogo Senge Ntandu Mughenyi, shikamoo, fungu lako hili hapa, chukua chochote cha nyumba hii, chochote, nirudishie pumzi ya mwanangu."

Rahel akapiga chafya. Akaomba uji.

Harufu ikaisha. Asnath alikuwa bado analia mlangoni simu ilipoita.

"Dada Asnath," Marietha alisema, sauti chini sana. "Ulipokuja, ulikuwa na kalamu?"

"Sikuwa nayo."

"Pale patupu, mbele ya Senge, pameandikwa. Wino haujakauka."

"Ndama?"

Marietha akasoma kilichoandikwa.

"Rahel," alisema.

Nyuma ya Asnath, kijiko kiliacha kugonga bakuli.